Maswali ya Wasomaji: Waandamanaji wakifika mbele ya nyumba, bunduki ya mwenye nyumba ina haki gani?

Tangu tulipogusia sheria za silaha za majimbo ya Marekani, barua nyingi zilizotufikia zimerudi kwenye jambo moja: mwenye nyumba anayeona umati wa waandamanaji mbele ya nyumba yake na kuchukua bunduki. Tumechagua tano. Ikumbukwe kwamba nchini Marekani kila jimbo hujitungia sheria yake ya kujilinda, na kitendo ambacho Texas inakikubali chaweza kumpeleka mtu gerezani huko California. Kwa hiyo aliye na kesi amwone wakili wa jimbo lake, kwa kuwa safu hii inaeleza tu namna sheria inavyofikiri.

Ndugu Mhariri, naishi Missouri kwa miaka kumi na moja sasa. Kazini tumebishana mara nyingi kuhusu wale mume na mke mawakili wa St. Louis waliowatolea waandamanaji bunduki. Mimi nashikilia kwamba walikuwa kwenye ardhi yao, kwamba watu waliingia katika mtaa wa watu binafsi bila ruhusa, na kwamba hawakufyatua hata risasi moja. Kosa lao lilikuwa lipi? Na kama kweli walikosa, mbona gavana aliwasamehe? — Msomaji, Missouri

Ndugu msomaji, tuanze na tukio lenyewe, kwa sababu katika kesi za kujilinda ni sekunde chache na hatua chache zinazoamua. Jioni ya tarehe 28 Juni 2020, mwezi mmoja baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis, mamia ya waandamanaji walikuwa wakielekea nyumbani kwa Meya wa St. Louis, Lyda Krewson. Siku mbili kabla, meya huyo alikuwa amesoma katika matangazo ya moja kwa moja ya mtandaoni majina na anwani za watu waliomwandikia wakitaka polisi wapunguziwe fedha, na jambo hilo liliwaudhi wengi. Njiani waliingia Portland Place, mtaa wenye lango ambao barabara yake ni mali ya wakazi kwa pamoja. Mark McCloskey akatoka na bunduki ya mtindo wa AR-15, na mkewe Patricia akatoka na bastola ndogo, akawaelekezea waliokuwa wakipita huku kidole chake kikionekana kwenye kifyatulio.

Hoja yako ya ardhi si ya kupuuzwa. Missouri ina sheria pana kuhusu nyumba kuwa ngome ya mwenyewe, wazo ambalo majaji wa Uingereza walilitamka tangu mwaka 1604 katika kesi ya Semayne. Mwaka 2007 Missouri ilimpa mwenye nyumba haki ya kutumia nguvu ya kuua dhidi ya anayeingia nyumbani kwake kinyume cha sheria. Mwaka 2010 haki hiyo ikaenezwa hadi kwenye ardhi anayoimiliki au kuikodi. Na kwa sheria ya mwaka 2016 ikaondolewa kabisa, popote mtu alipo kihalali, lazima ya kukimbia kwanza. Ndiyo maana Mwanasheria Mkuu wa jimbo wa wakati huo, Eric Schmitt, aliiomba mahakama iifute kesi hiyo siku ile ile mashtaka yalipotangazwa.

Hata hivyo, wengi hukisoma kifungu hicho kuanzia katikati. Mwanzo wake unasema kwamba nguvu hutumika pale tu mtu anapoamini, kwa sababu zinazokubalika kwa mtu mwenye busara, kwamba inahitajika ili kumkinga yeye au mwingine dhidi ya nguvu haramu inayotumika au iliyo karibu kabisa kutumika. Mlango, ua na hati ya ardhi huja baada ya sharti hilo. Kumbe swali halikuwa tu "walikuwa kwa nani?" bali "walikuwa karibu kumfanyia nani nini?" Mwendesha mashtaka maalum aliyeimaliza kesi, Richard Callahan, alieleza kwamba uchunguzi uliwaonyesha waandamanaji hao kuwa kundi la amani la watu wa rangi mbalimbali, wakiwemo wanawake na watoto, waliokosea njia wakienda kwa meya, na kwamba hapakuwa na ushahidi wa yeyote miongoni mwao kuwa na silaha. Picha za video ziliwaonyesha wa kwanza wakipita lango likiwa bado zima, ingawa baadaye lilionekana limevunjwa. Kuingia mtaa wa watu bila ruhusa ni kosa, na baadhi yao waliandikiwa hati za kosa hilo kabla ya ofisi ya wanasheria wa jiji kuamua kutowashtaki. Lakini kukanyaga barabara ya wakazi si shambulio.

Tarehe 20 Julai 2020 wanandoa hao walishtakiwa kwa matumizi haramu ya silaha, kosa kubwa la jinai ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 4. Hapa ndipo hoja ya risasi kutofyatuliwa inapoanguka: sheria ya Missouri humwadhibu mtu anayeonyesha mbele ya wengine silaha inayoweza kuua kwa namna ya hasira au ya kutisha, isipokuwa awe anajilinda kihalali. Kosa hukamilika pale pale silaha inaponyooshwa. Kesi iliyumba, mwendesha mashtaka wa awali, Kim Gardner, akaondolewa na jaji kwa kuwa aliitaja kesi hiyo katika barua za kuchangisha fedha za kampeni yake, na tarehe 17 Juni 2021 kukawa na makubaliano: Mark alikiri kosa dogo la shambulio la daraja la nne akatozwa dola 750, Patricia akakiri kosa dogo la usumbufu akatozwa dola 2,000, na silaha zote mbili zikasalimishwa. Nje ya mahakama Mark alisema angefanya tena vile vile.

Kuhusu msamaha, Gavana Mike Parson aliutia sahihi tarehe 30 Julai 2021. Msamaha wa gavana huondoa adhabu na hukumu, wala hausemi kwamba kitendo kilikuwa halali. Msimamo wa kisheria huko Missouri ni kwamba hatia ya kitendo hubaki hata hukumu inapofutwa. Ndiyo maana Februari 2022, miezi kadhaa baada ya msamaha, Mahakama Kuu ya Juu ya jimbo iliwawekea adhabu ya kusimamishwa uwakili, ikaisitisha isitekelezwe, na kuwaweka chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja. Wenzako kazini wanaweza kuupenda au kuuchukia msamaha huo, lakini hauwezi kuwa kielelezo cha mwenendo, kwani hakuna mwenye nyumba anayeweza kupanga maisha yake akitegemea gavana.

Niseme na maoni yangu waziwazi. Sina shaka kwamba watu wawili wazima, wakila chakula cha jioni na kuona umati, wanaweza kuogopa kweli, na sheria haimkatazi mtu kuogopa. Kinachonisumbua ni mwelekeo wa miguu yao. Walikuwa na nyumba kubwa ya mawe, kuta na milango, wakatoka kukifuata kile walichosema kinawatisha. Missouri haikulazimishi kukimbia, lakini kubaki ndani ya nyumba yako si kukimbia. Tena jimbo hilo, tangu Januari 2017, linawaruhusu watu wazima wengi kubeba bunduki bila kibali. Fikiri kwamba mmoja tu kati ya waandamanaji wale angekuwa na bastola kiunoni, akaona mtutu ukimtazama na kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Mtu huyo, akiwa hana nia yoyote mbaya, angekuwa na sababu nzuri kuliko wao ya kuamini kwamba anakaribia kuuawa. Anayemnyooshea bunduki mtu asiyemshambulia humpa mtu huyo haki ya kujilinda, na yeye mwenyewe huhatarisha ya kwake, kwa sababu karibu kila jimbo humnyima au humpunguzia kinga hiyo aliyeanzisha uchokozi. Baada ya hapo risasi moja ingezaa nyingine, na waliokuwa katikati walikuwa wanawake na watoto.

Mheshimiwa Mwandishi, mimi ni mama ninayeishi California na binti zangu wawili. Mume wangu alifanya kazi serikalini, na mara mbili watu wamekuja kupiga kelele mlangoni kwetu. Nina bastola niliyoisajili kihalali. Je, ni lazima nisubiri mpaka wavunje mlango? — Mama wa watoto wawili

Dada yangu, pole kwa hofu hiyo. Jibu fupi ni kwamba mlango wako ndio mpaka ambao sheria ya California inauheshimu kuliko mwingine wowote. Tangu mwaka 1984 kifungu cha 198.5 cha sheria ya jinai ya jimbo hilo kinasema kwamba mtu akiingia nyumbani kwako kwa nguvu na kinyume cha sheria, nawe ukijua hivyo, unahesabiwa kuwa na hofu ya haki ya kuuawa au kuumizwa vibaya. Dhana hiyo inakubeba mahakamani. Lakini haiamki kwa kelele, mabango, kugongwa kwa mlango wala kengele. Huamka mtu anapoingia kwa nguvu. Kabla ya hapo unaweza kujilinda bado, ila itakubidi uonyeshe hatari yenyewe: kwamba yupo aliyeinua silaha, kwa mfano, au anayeupiga mlango kwa shoka.

Mfano ulio karibu zaidi na wako ulitokea Los Angeles alfajiri ya tarehe 2 Machi 2020. Waandamanaji wa Black Lives Matter, harakati ya kutetea maisha ya watu weusi, walifika kwenye kibaraza cha aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti, Jackie Lacey, wakagonga, na mume wake akafungua mlango akiwa na bunduki mkononi, akawaelekezea na kuwaambia kwamba atawapiga risasi wasipoondoka. Familia ile ilikuwa imepokea vitisho, na hakuna aliyejeruhiwa, lakini Agosti mwaka huo ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California ilimshtaki kwa makosa matatu madogo ya shambulio la silaha. Hata nyumba ya mwendesha mashtaka, basi, haikumpa ruhusa ya kumlenga mgongaji.

Nawaomba wasomaji wote wauzingatie mkono unaofungua mlango, maana ukifungua umekiondoa wewe mwenyewe kizuizi kilichokuwa kinakulinda. Aprili 2023, katika jiji la Kansas City, Missouri, mzee wa miaka 84 alimpiga risasi mvulana wa miaka 16 aliyebonyeza kengele ya nyumba aliyoikosea alipokwenda kuwachukua wadogo zake. Mvulana alinusurika, mzee akashtakiwa, na Februari 2025 akakiri kosa, akafa siku chache baadaye, kabla ya kusomewa adhabu. Hayakuwa maandamano, lakini hofu ilikuwa ile ile ya mtu asiyemfahamu aliyesimama mlangoni.

Dada, sheria inalo jambo jingine la kukupa, ambalo watu hawalitumii vya kutosha. Mwaka 1988, katika kesi ya Frisby dhidi ya Schultz, Mahakama Kuu ya Marekani iliukubali mji wa Brookfield, Wisconsin, uliopiga marufuku maandamano yanayosimama na kuilenga nyumba moja, baada ya watu kukusanyika tena na tena mbele ya nyumba ya daktari. Mahakama ilisema kwamba utulivu wa nyumba ni haki inayostahili ulinzi, na kwamba uhuru wa kusema haumlazimishi mtu kuwa msikilizaji mateka sebuleni mwake. Uliza kama mji wako una kanuni ya namna hiyo. Iwe ipo au haipo, funga mlango, wapeleke binti zako chumba cha nyuma, piga 911, namba ya dharura, na ubaki kwenye simu ukieleza unachokiona; sauti yako iliyorekodiwa wakati ule itakutetea kuliko maelezo utakayoyatoa kesho yake. Bastola ikikaa nawe ndani, bila kumlenga mtu, hujavunja sheria yoyote.

Ndugu Mwandishi, watu wanazungumza kana kwamba waandamanaji wote ni malaika. Mwaka 2020 maduka yalichomwa moto. Mtu akirusha chupa ya petroli kwenye gereji yangu, nimtazame tu? — Msomaji, Texas

La, usimtazame tu, na sheria haikuambii hivyo. Moto ni jambo la pekee. Karibu kila mahali uchomaji wa nyumba yenye watu huhesabiwa kuwa hatari kwa uhai, na anayekaribia kuurusha moto huo anaweza kuzuiwa hata kwa nguvu ya kuua, ikiwa hakuna njia nyingine na kitendo kiko mbele yako wakati ule ule. Akiisha kurusha na kukimbia, hatari aliyokuwa nayo mkononi imeondoka naye. Kumpiga mgongoni ni kulipiza kisasi.

Texas ni jimbo lenye uhuru mpana usiopatikana kwingi. Sheria yake inaruhusu, kwa masharti, nguvu ya kuua hata kwa ajili ya kulinda mali, kama vile kuzuia uchomaji, wizi wa usiku au uharibifu wa usiku, pale mali isipoweza kulindwa kwa njia nyingine. Vilevile husema kwamba kuonyesha silaha kwa lengo la kumfanya mtu aelewe tu kwamba utaitumia ikibidi hakuhesabiwi kuwa ni kutumia nguvu ya kuua, ingawa bado ni lazima uwe katika hali inayokuruhusu kutumia nguvu. Majimbo mengine mengi hayakubali hata kidogo kuua kwa sababu ya mali. Huko Iowa, mwenye nyumba ya shamba isiyokaliwa alitega bunduki iliyojifyatua mlango wa chumba ulipofunguliwa, ikamvunja mguu mtu aliyeingia kuiba mitungi ya kale. Mwaka 1971, katika kesi ya Katko dhidi ya Briney, mahakama ya juu ya jimbo ilikubali mwizi huyo alipwe jumla ya dola 30,000. Watu wengi hukasirika wakiisikia kesi hiyo. Mimi naona majaji walikuwa sahihi, kwa kuwa mitego haiwezi kumtofautisha mwizi na mtoto anayecheza au mzimamoto.

Kuhusu mawe na chupa tupu, tazama yanakotua. Jiwe linalovunja dirisha la gereji tupu ni uharibifu. Matofali yanayorushwa kichwani mwako yaweza kuua. Tena kumbuka kwamba umati hauna kichwa kimoja. Aliyerusha ni mtu mmoja, na waliosimama kando yake hawakurusha. Haki ya kujilinda humfuata yule anayekushambulia, haiuenei umati mzima, na risasi inayomkosa na kumpata jirani yake itakuwa yako, kwa jinai au kwa fidia.

Mwandishi mpendwa, kijana wa Kenosha aliua watu wawili na akaachiwa. Je, hiyo haionyeshi kwamba bunduki dhidi ya waandamanaji inaruhusiwa? — Msomaji, Illinois

Haionyeshi hivyo, ndugu yangu. Kwanza, kijana huyo, Kyle Rittenhouse, hakuwa akilinda nyumba yake; alikuwa na miaka 17, ametoka Illinois, akasema amekwenda Kenosha, Wisconsin, kulinda biashara ya watu wengine wakati wa ghasia za usiku wa tarehe 25 Agosti 2020. Pili, tarehe 19 Novemba 2021 wananchi waliochaguliwa kuamua kesi walitazama sekunde chache tu: alivyofukuzwa, na jinsi mtu wa tatu, aliyejeruhiwa, alivyokiri mahakamani kwamba alimwelekezea bastola kabla ya kupigwa. Upande wa mashtaka ulitakiwa kuthibitisha bila shaka yoyote kwamba hakuwa akijilinda, ukashindwa. Hukumu hiyo haikusema kwamba kwenda na bunduki kwenye ghasia ni jambo jema. Watu wawili wamekufa, na binafsi naamini wasingekufa kama bunduki ile ingebaki nyumbani.

Ndugu Mhariri, binti yangu anasoma chuo St. Louis na huenda kwenye maandamano. Siwezi kumzuia. Nimwambie nini ikiwa mwenye nyumba atamtolea bunduki? — Baba mwenye wasiwasi

Mzee wangu, mwambie kwanza kwamba haki yake ya kuandamana, inayolindwa na marekebisho ya kwanza ya katiba, iko kwenye barabara, njia za miguu na viwanja vya umma. Haivuki lango la mtaa binafsi wala ukoka wa mtu, hata kama mwenye ukoka ni meya. Wakikosea njia, warudi nyuma mara wanapotambua. Mwenye nyumba akimwambia aondoke, aondoke. Anayebaki baada ya kuambiwa huutia nguvu utetezi wa mwenye bunduki.

Akiiona silaha, asisimame kubishana, asimsogelee mwenye nyumba kwa simu mkononi ili apate picha nzuri, na asirushe kitu chochote, hata chupa ya maji, kwa kuwa katika mwanga hafifu mkono unaoinuka huonekana vibaya. Mikono iwe wazi, atembee bila kukimbia kuelekea barabara ya umma, awavute na wenzake. Wapo watakaomwona mwoga. Mwambie kwamba sheria yote niliyoieleza hapo juu hufanya kazi siku nyingi baadaye, chumbani mwa mahakama, na haizuii risasi.

Akishafika mahali salama, apige 911 na ataje namba ya nyumba, saa, aina ya silaha, na kama ilielekezwa kwa watu au ilishikwa tu ikiwa imeelekezwa chini, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo wapelelezi watakayoitafuta kwanza. Video aliyopiga akiwa mbali aihifadhi nzima, kuanzia kabla ya bunduki kuonekana, bila kuikata. Katika kesi ya St. Louis, picha za video zilisaidia kuonyesha nani alikuwa wapi, na nani alikuwa amebeba nini.